Jirani Hajulikani kwa Kusimuliwa

Kila inapokaribia likizo, mazungumzo ya maofisini na katika vyumba vya walimu hayakosi swali moja: mwaka huu mtu aende wapi? Walio wengi huenda vijijini kuwaona wazazi na kutazama mashamba, na hilo ni wajibu usio na badala yake. Wachache hutaja miji ya mbali, Dubai au Guangzhou, ambako hufuata bidhaa. Ni nadra kumsikia mtumishi akisema kwamba yeye na ndugu yake wa tumbo moja watakwenda Nairobi, Kampala au Lusaka kwa siku nne kumtembelea rafiki, basi. Atakayesema hivyo ataulizwa papo hapo: "Unafuata nini huko?"

Swali hilo lenyewe ndilo linaloonyesha kasoro. Katika fikra za wengi, kuvuka mpaka kunahitaji sababu nzito: semina yenye posho, mzigo wa kuuza, mgonjwa wa kupeleka hospitali au msiba. Kwenda kumjulia hali rafiki, kulala nyumbani kwake, kula chakula chake na kuutazama mji anaoishi huhesabiwa kuwa ni anasa. Kumbe hiyo ndiyo safari yenye mafunzo mengi kuliko zote, na nchi zilizofungamana kwa mikataba ya ujirani zinaihitaji kuliko zinavyodhani.

Historia inatoa ushahidi. Mkataba wa kwanza wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mjini Kampala mwezi Juni 1967, ukaanza kutumika Desemba mwaka huo huo. Shirika la Reli na Shirika la Ndege yalikuwa na makao makuu Nairobi, la Bandari Dar es Salaam, la Posta na Simu Kampala, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe yalikuwa Arusha. Watumishi walihamishwa huku na huko pamoja na jamaa zao. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1963, palikuwapo Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kilichodumu hadi mwaka 1970. Kijana aliyetaka kusoma sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Kwa watu wa rika hilo, kuwa na rafiki katika nchi jirani lilikuwa jambo la kawaida kama kuwa na shemeji katika wilaya ya pili.

Mwaka 1977 Jumuiya hiyo ilivunjika. Mwezi Februari mwaka huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi kwa miaka kadhaa kukadiria mali na madeni ya mashirika yaliyovunjika, na makubaliano ya kugawana yakatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984. Mabehewa yalihesabiwa, majengo yakahesabiwa, ndege zikahesabiwa. Kisichohesabiwa ni urafiki. Hakuna daftari lililoonyesha ni barua ngapi ziliacha kuandikwa, wala ni watoto wangapi walifikia umri wa kwenda shule bila kumwona shangazi aliyekuwa ng'ambo ya Namanga. Hasara ya namna hiyo haigawanywi mezani. Kila nyumba hubaki na fungu lake.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000, na leo ina nchi nane. Hata hivyo, mabishano hayakukoma. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa sababu ya kuingizwa bila kibali. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Tanzania ilizuia safari za ndege za Kenya kwa majuma kadhaa. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Mambo haya hutokea baina ya majirani, na wakubwa huyamaliza kwa kukaa pamoja. Hatari kubwa zaidi imo katika maneno yasemwayo na raia wa kawaida wakati wakubwa bado hawajakaa. Hapo ndipo husikika kwamba Wakenya wote ni wakali na hawana subira, na upande wa pili kwamba Watanzania wote ni wazito na waoga. Ukichunguza, wengi wa wasemaji hao hawajawahi kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya jirani wanayemhukumu.

Kwa hiyo safari fupi ya kumtembelea rafiki si jambo la mchezo. Ni tofali dogo la ujirani, tena la bei nafuu, na linaweza kuwekwa na mwalimu wa shule ya msingi bila kungoja mkutano wa wakuu wa nchi.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu wa Arusha na dada yake aliye karani wa halmashauri, walioalikwa Nairobi na mwalimu mwenzao waliyejuana naye chuoni. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kilomita zisizofika 300. Basi likiondoka asubuhi, mchana limefika. Pale Namanga, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Desemba 2018, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, na raia wa Tanzania na wa Kenya hawaombi viza. Mtu anayeishi Arusha hutumia saa nyingi zaidi kufika Dar es Salaam kuliko Nairobi. Pamoja na hayo, wamo wakazi wa Arusha waliokwenda Dar es Salaam mara kumi na Nairobi hawajaiona.

Yawezekana mtu akauliza kuna haja gani ya kufuatana na ndugu. Haja ipo, tena si ya kugawana nauli peke yake. Kwanza, macho mawili ya mtu mmoja huona anachokizoea. Mwalimu atatazama shule, madaftari na idadi ya watoto katika darasa. Dada yake karani atatazama ofisi. Atataka kuingia katika Huduma Centre, vituo ambavyo Kenya ilianza kuvifungua mwaka 2013, ambamo raia hupata huduma za idara mbalimbali chini ya paa moja, naye atajiuliza wananchi wa wilaya yake wangeokoa siku ngapi kwa utaratibu kama huo. Pili, katika nyumba nyingi mazungumzo ya sebuleni si yale ya jikoni. Kaka na dada, kila mmoja akikaribishwa panapomstahili, husikia yote mawili, na jioni wakikaa peke yao huunganisha habari.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ndugu ni shahidi. Msafiri wa peke yake akirudi huweza kusimulia apendavyo, kwamba mji wote ni maghorofa au kwamba mji wote ni wezi, na hakuna wa kumpinga. Aliyefuatana na ndugu yake hawezi. Ndugu amemjua tangu utotoni, anajua pale anapotia chumvi, naye atamkatiza mbele ya watu: "Hapana kaka, hayo sivyo tulivyoyaona." Na hatimaye, urafiki wa mtu mmoja kwa mmoja ni kamba ya uzi mmoja. Mmoja akihamishwa kikazi au akifariki, umekatika. Urafiki ulioingiza ndugu wa pande zote mbili huwa ni wa nyumba kwa nyumba, na huo hurithiwa.

Kulala nyumbani kwa rafiki nako kuna maana yake. Hoteli humwonyesha mgeni kile ambacho mji unauza, na nyumba humwonyesha kile ambacho mji unalipa. Katika mtaa wa watumishi kama Buruburu au Umoja, mgeni ataamshwa alfajiri na nyayo za watu wanaowahi matatu kwenda kazini, na ataelewa kwamba ile haraka anayoiita ukali ni hesabu ya mtu ambaye akichelewa dakika ishirini nauli hupanda. Atakuta mezani ugali na mboga iitwayo sukumawiki, na jina hilo lenyewe litamwambia jambo: ni mboga ya kulisukuma juma mpaka mshahara ufike. Mwalimu yeyote wa Tanzania analijua juma hilo, hata kama kwake linasukumwa kwa mchicha au dagaa. Akimsikia mwenyeji wake akipiga hesabu ya ada za watoto, kodi ya nyumba na mchango wa harusi ya mpwa, atagundua kwamba mshahara unaosemwa kuwa ni mnono, baada ya kutoka mfukoni, unakuwa na urefu ule ule wa mshahara wake.

Mji wenyewe una mengi ya kumfundisha mtu aliyekuja na akili wazi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli kutoka Mombasa, katika tambarare ya majimaji ambayo Wamasai waliiita mahali pa maji baridi. Katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamesimama magarimoshi makubwa ya mvuke ya aina ya Garratt yaliyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja linaitwa Mount Gelai na jingine Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Yote miwili iko Tanzania. Mwalimu kutoka Same anaweza kusafiri hadi Nairobi akakuta jina la mlima wa kwao limeandikwa kwenye chuma kilichovuta mizigo ya Wakenya kutoka Mombasa. Kwa mwanafunzi wa historia, somo la Jumuiya ya kwanza haliwezi kuelezwa kwa ufupi zaidi ya hapo.

Si mbali na hapo, katika Barabara ya Moi, yapo Makavazi ya Taifa ya Kenya, ndani ya jengo lililokuwa la Benki ya India. Humo zimehifadhiwa nyaraka za Serikali pamoja na kazi za sanaa na vitabu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Mtumishi wa Serikali aliyezoea kuona majalada ya zamani yakiliwa na mchwa katika chumba cha nyuma atatoka humo na fikra mpya juu ya thamani ya karatasi. Na akipita katika Bustani ya Uhuru atakumbuka kwamba mwaka 1989 ulikuwapo mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa 60, na kwamba Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, alisimama kidete kuupinga mpaka ukaachwa. Kila mji wa Afrika Mashariki una uwanja wa wazi ambao mtu fulani anautamani.

Mahali pamoja hapafai kuachwa. Ni bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti, penye majina ya waliouawa kwa bomu mwaka 1998 katika Ubalozi wa Marekani. Nairobi ilipoteza watu zaidi ya 200. Asubuhi hiyo hiyo, katika muda wa dakika chache, bomu la pili lililipuka Dar es Salaam na kuua watu 11. Mtanzania akisimama mbele ya majina hayo hasimami mbele ya msiba wa wengine. Miji miwili ilifiwa kwa saa moja, na waliofanya kitendo hicho hawakuuliza nani ni raia wa nchi gani. Ndugu wawili wakisimama hapo kimya pamoja na rafiki yao, hakuna hotuba ya ujirani mwema itakayowazidi kwa maana.

Lugha pia ni somo. Wapo Watanzania ambao, wakimsikia mtu wa Nairobi akizungumza, kazi yao huwa ni kucheka ngeli zilizokosewa. Tabia hiyo ni mbaya, na kwa mwalimu ni aibu. Kiswahili kimefika Nairobi kikawakuta watu wenye lugha zao, kikajenga humo nyumba yake kwa namna yake. Yatosha kutazama jina la gari la abiria. Matatu, inavyosimuliwa, ni neno lililotokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Daladala ya Dar es Salaam ilipata jina kwa shilingi tano, iliyoitwa dala. Miji miwili, bila kushauriana, ililiita gari kwa bei yake. Watu wanaofikiri kwa namna moja kiasi hicho hawana sababu ya kuchekana.

Baada ya sifa, yafaa kutaja makosa, kwa kuwa safari njema huharibiwa na mgeni mbaya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Siku nne zinatosha. Mgeni anayeongeza juma kwa kuwa hajachoka asisahau kwamba mwenyeji amechoka zamani, ila adabu inamzuia kusema. Asiende mikono mitupu. Kilo chache za mchele mzuri au jozi ya khanga si mzigo, na ndani ya nyumba huwa ni heshima. Asimgeuze rafiki kuwa dalali wa kumtafutia simu na viatu vya rejareja, akamzungusha madukani mchana kutwa kwa orodha aliyopewa na ofisi nzima. Asimfanye aombe ruhusa ya uongo kazini. Na asianze kupima kila kitu kwa kusema "kwetu" na "kwenu", maana sentensi ya namna hiyo huishia ama katika majivuno ama katika manung'uniko, na vyote viwili havimfai mtu aliyekaa mezani kwa mwenzake.

Watakuwapo watakaopinga. Wa kwanza watasema mtu aijue kwanza nchi yake. Hoja hiyo ina uzito, na aliyefundisha miaka kumi bila kuiona hata Bagamoyo anastahili kulaumiwa. Lakini haifuati kwamba mtu akimjua jirani ataacha kuijua nyumba yake. Mara nyingi ni kinyume chake. Mtu hurudi akiuona mji wake kwa macho mapya, uzuri wake na uchafu wake. Wa pili watasema mshahara hautoshi. Ni kweli mishahara haina ziada. Hata hivyo, nauli ya basi ya ndugu wawili wanaolala kwa rafiki haifikii fedha zinazomwagwa katika kamati ya sherehe moja, ambayo kesho yake haikumbukwi isipokuwa kwa deni. Jambo linahitaji kuwekewa akiba ya miezi michache, na mtumishi anayejua kupanga bajeti ya idara hashindwi kupanga ya safari yake.

Wajibu, hata hivyo, si wa wasafiri peke yao. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka baina ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Ni haki kuuliza ni lini utaratibu huo utawafikia raia wa nchi zote za Jumuiya, bila shaka kwa tahadhari zinazostahili za usalama. Mwananchi wa kawaida anayetaka kumwona rafiki kwa siku nne huvunjwa moyo na safari za kufuatilia hati kuliko na safari yenyewe. Wakuu wa idara na wa shule nao wasione ombi la likizo ya kwenda nje ya mpaka kuwa jambo la kutiliwa shaka. Na vyama vya walimu vya nchi hizi vingeweza kufanya jambo jepesi sana: kuwaunganisha walimu wanaofundisha somo moja ili waandikiane, na wanaoandikiana hatimaye watatembeleana.

Tena kutembelewa kuna zamu. Aliyepokewa Nairobi hana budi kumwalika mwenyeji wake Arusha, Mwanza au Tanga, naye aje na ndugu yake, alale chumba kile kile wanacholala watoto, ale kilichopo. Asitayarishiwe maonyesho. Akikuta maji yamekatika, na achote kwenye ndoo. Undugu ni kufaana, si kufanana, wala hautafuti nyumba iliyofichwa kasoro zake.

Mikataba iliandikwa mara mbili, na mara moja imewahi kuvunjika. Lolote litakalozuka kesho mpakani, iwe ni mahindi, ndege au vifaranga, litawakuta raia wa aina mbili: wanaomjua jirani kwa kusimuliwa na wanaomjua kwa jina, kwa mlango wa nyumba yake na kwa majina ya wanawe. Wa kwanza watashangilia ugomvi. Wa pili watapiga simu kuuliza hali. Kila mtumishi na kila mwalimu anao uwezo wa kuchagua atakuwa upande gani, na likizo ijayo si mapema mno kuanza.